Kikombe cha Zamu

Enzi zile wauguzi wawili, Kezia na Irine, hawasalimiani, kituo kizima cha afya kilikuwa kinakunywa maji ya chupa. Kila muuguzi alikuja na chupa yake, akaifungia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni kama rozari. Ndugu wa mgonjwa akiomba maji ya kumezea dawa alitazamwa kama mwizi. Na yote hayo chanzo chake ni sahani moja ya ndizi. Irine alipika siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yake, Kezia akala, akashiba, akaaga vizuri. Alipofika nyumbani tumbo likamkata mpaka akatundikiwa dripu. Alipopata nafuu akasema neno ambalo huku kwetu ukishalitoa hulirudishi mdomoni: kwamba aliwekewa kitu.

Hakusema sumu. Huku kati ya Lusahunga na Kaniha watu hawasemi sumu. Unasema "kitu", unanyamaza, na aliye mbele yako anamalizia mwenyewe. Waliobaki kituoni wakagawanyika, hawa upande wa Kezia, wale upande wa Irine, na wagonjwa nao wakaanza kuuliza kabla ya kuchomwa sindano kwamba huyu nesi wa leo ni wa upande gani.

Aliyewapatanisha ni Eustakia, mkuu wa wauguzi pale kituoni, mama mnene wa sauti ya chini, mzaliwa wa Mabawe kule Ngara. Eustakia hakuwa mtu wa vikao. Kwao, watu wakigombana na kupatanishwa, wanaletewa mtungi mmoja wa rubisi na mrija mmoja. Mwenye mtungi anaonja kwanza, wote wakimwona, halafu anampa mrija yule waliyegombana naye. Ukiukataa mrija huo huna haja ya kueleza lolote, umeshasema yote. Sasa pombe ya ndizi huwezi kuileta wodini. Kwa hiyo Eustakia akaleta chai ya maziwa kwenye chupa kubwa, na kikombe kimoja cha bati. Akaweka sheria yake: asubuhi wakikabidhiana zamu, anayetoka anakunywa kwanza, anampa anayeingia, kikombe kinazunguka mpaka kimfikie kila mtu, na hakuna kuzungumzia wagonjwa kabla ya hapo.

Ikafanya kazi. Siku ya kwanza Kezia alipokea kikombe kutoka kwa Irine akakichungulia ndani kabla ya kunywa. Siku zilivyokwenda akaacha kuchungulia, funguo zikashuka shingoni, na kabla ya masika kuisha wale wawili walikuwa wanaazimana vitenge. Irine alipopata ujauzito wa tatu, baada ya kupoteza miwili, wa kwanza kuambiwa alikuwa Kezia, hata kabla ya Elick, mume wa Irine. Wageni wa kutoka wilayani walipokuja kukagua kituo, wakakisifu kikombe kuliko walivyosifu maabara. Eustakia alijidai, tusimfiche. Wapo wanaojidai kwa watoto waliosoma. Yeye alijidai kwa chai.

Mwaka huu kiangazi kiliingia na mafua. Yalianza Lusahunga, kwa madereva wa malori yanayotoka mpakani Rusumo, wanaokohoa juu ya sahani za mama lishe na kuondoka zao. Yakapanda shuleni, yakashuka mashambani, na hatimaye yakajaa kwenye mabenchi ya kituo cha afya, watu wamejifunika makoti asubuhi ya vumbi na baridi, wanapenga kamasi kwenye kanga.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyo na homa sisi wa huku, maana bila hivyo mengine hayaeleweki. Mtu akija ana homa anachomwa kidole. Kipimo kikionyesha malaria, basi anaumwa, anapewa dawa na pole. Kipimo kisipoonyesha malaria, haumwi. Ana mafua tu. Anapewa panado, anaambiwa anywe vitu vya moto, anarudi kulima. Hiyo ndiyo kanuni, na wauguzi walijihukumu kwa kanuni hiyohiyo waliyowahukumia wengine. Muuguzi aliyejipima akakosa malaria alivaa gauni lake jeupe akaingia zamu, hata kama anaona nyota. Kulala nyumbani kwa ajili ya mafua ilikuwa aibu, ungesemwa mpaka Pasaka nyingine.

Si kwamba hawakufundishwa. Eustakia mwenyewe alikuwa ametoka semina mjini Biharamulo. Walielezwa kwamba mhudumu mwenye mafua ni hatari kuliko mgonjwa mwenye mafua, kwa sababu mgonjwa anakaa mahali pamoja na mhudumu anapita kitanda kwa kitanda. Walielezwa kwamba zipo nchi ambako wauguzi wanachanjwa kila mwaka. Walielezwa habari za wajawazito, kwamba mafua yanaweza kushuka kifuani kwao haraka. Akarudi na bango: kohoa kwenye kiwiko, vaa barakoa, ukiwa na homa baki nyumbani. Alilibandika ukutani akawasomea wenzake kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika kwenye "msitumie vyombo pamoja" alisoma haraka kidogo. Kisha wakanywa chai.

Asubuhi yenyewe ilikuwa hivi. Eustakia alikuwa amerudi kutoka msibani Ngara. Aliingia wodi ya wazazi akamkuta Kezia, anayetoka zamu, ameketi kwenye benchi na kitenge mabegani juu ya gauni la kazi. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kezia, wewe unaumwa."

"Nimejipima, hakuna kitu. Mafua tu." Akakohoa, kikohozi kikavu cha kutoka chini kabisa, akashika mbavu.

Eustakia alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa linachoma. "Mbona hukusema jana?"

"Ningesema, nani angezalisha? Wewe uko msibani, Irine na lile tumbo. Nimezalisha watatu, mama, wote wazima. Nikilala leo kesho niko sawa."

Ni kweli, nani angezalisha? Alimwonea huruma na papo hapo akaona fahari, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea Kezia kikazi, akamfundisha kwamba mama akiwa na uchungu hujali nafsi yako. Akaitazama chupa ya chai mezani na lile bango ukutani. Alitaka kusema leo tusinywe. Neno lilifika kwenye ulimi.

Lakini Irine akaingia, tumbo mbele, akifuatiwa na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, Frednand, anayesugua mikono kwa baridi. "Chai iko wapi?" akauliza Frednand. "Mimi bila hicho kikombe sijui hata naitwa nani." Wakacheka. Kezia akainuka, akamimina, akanywa kwanza kama sheria inavyotaka. Akafuta ukingo kwa kiganja, kwa heshima, akamkabidhi Irine kwa mikono miwili.

Irine alikipokea. Hakukipeleka mdomoni.

Alimtazama Kezia machoni, yale macho mekundu. Mkono wake mmoja ukashuka kwenye tumbo, bila yeye kuutuma. Kisha akamgeukia Eustakia. Alikuwepo bango liliposomwa. Alikuwa anaomba aruhusiwe, hivyo tu. Mkubwa aseme neno moja, ili kukataa kusiwe kwake.

Kezia aliona. Mtu aliyewahi kumshuku mwenzake anaitambua upesi sana sura ya kushukiwa. Tabasamu likamtoka usoni, mikono iliyokuwa bado imenyooshwa mbele haikujua iende wapi. Frednand akaanza kutafuta kalamu mfukoni, kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake.

Eustakia akaviona vyote kwa mkupuo: chupa zikirudi kabatini, funguo shingoni, wagonjwa wakiuliza nesi wa leo ni wa upande gani. Akamwona Kezia akirudi nyumbani na homa yake na hilo neno, akilitafuna peke yake mpaka liwe kubwa. Aliijenga amani hii kwa mikono yake, na sasa iko mikononi mwa binti mwenye mimba anayesita. Halafu akajiambia lile alilowaambia wagonjwa maelfu: si ni mafua tu?

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Chai inapoa."

Irine akanywa. Alikunywa fungu lake lote, hakubakiza, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kezia akashusha pumzi, akacheka, akamkumbatia shogaye na kumkoholea begani. Eustakia naye akanywa, Frednand akamalizia, wakaanza kukabidhiana wagonjwa.

Yaliyofuata hayakuchelewa. Frednand alipiga chafya asubuhi hadi jioni akiwa anaandika dawa, akijifuta kwa mkono wa koti. Eustakia mwenyewe aliugua, mifupa ikamuuma kama aliyepigwa, lakini akainuka. Kezia hakuinuka upesi kama alivyojitabiria. Na Irine alianza na koo, akajipima, akakosa malaria, akaja kazini.

Eustakia alimkuta mchana mmoja kwenye stoo, ameketi juu ya maboksi ya dripu, mgongo ukutani, anahema kama aliyebeba mkungu kutoka bondeni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Mama," Irine alisema, na kila neno lilikuja na pumzi yake, "hewa haiingii."

Wakamwekea oksijeni ya mtungi uliopo. Gari la wagonjwa likaitwa, Elick akaja na pikipiki kutoka Lusahunga anakouza matairi ya malori, mikono bado myeusi, akapanda nyuma ya gari na mkewe kwenda hospitali. Eustakia hakwenda. Angekwendaje? Kezia kitandani, wengine wanakohoa, mama wawili wana uchungu leba. Alibaki mlangoni analitazama gari likitimua vumbi, kisha akavaa glovu. Siku hiyo alivaa na barakoa, na akamvalisha kila mtu, na alipomkuta dada wa usafi amekishika kile kikombe ili akisuuze, alimnyang'anya kwa ukali ambao dada yule hajauelewa hadi leo.

Simu ilipigwa kesho yake. Mtoto ametoka kabla ya wakati, hakulia. Irine yuko kwenye mashine ya hewa, hasemi.

Alikuwa wa kiume. Eustakia aliposikia hilo alienda chooni akajifungia, akalia akiwa ameziba mdomo kwa kiganja ili wodini wasisikie.

Huku Lusahunga maneno yalikuwa yameshaota miguu. Nani alikishika kikombe kwanza? Kezia. Nani aliwahi kumtuhumu mwenzake kwa kitu, akapatanishwa juujuu, akatulia akingoja siku yake? Kezia. Walikuwepo walioapa kwamba Irine alisita kunywa, kwamba mwili wake ulimwambia. Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilishika. Kufikia jioni mawe yakaanza kugonga bati la nyumba ya Kezia, mjane na watoto wake ndani, na homa yenyewe haijamwisha.

Alikuja kwa Eustakia kwa njia ya migombani, watoto nyuma yake. "Wanasema nimelipa kisasi cha zile ndizi," alisema. "Mama, mimi? Mtoto yule nilikuwa nimeshamfumia kofia."

Frednand alishauri wasiende popote. Polisi wataarifiwa, na mambo yakipoa watatoa elimu kwa jamii. Frednand anapenda sana kutoa elimu kwa jamii. Eustakia alimsikiliza mpaka mwisho, akamfungia Kezia na watoto ndani kwake, akafunga kilemba, akaenda hospitali.

Aliwakuta uani, kwenye nyasi, ndugu wa pande zote mbili. Elick alikuwa amekaa na kaka zake kando ya pikipiki zao. Mama yake Irine, Melania, alikuwa ametandika kanga chini ya dirisha la wodi, na alipomwona Eustakia aliinuka akamkumbatia, kumbatio refu la huku, kifua kwa kifua, kisha mikono kwa mikono. Eustakia alitaka kumzuia, kikohozi kilikuwa bado hakijamwisha sawasawa, lakini mama aliyefiwa mjukuu unamzuiaje? Akageuza uso pembeni, akashikilia pumzi.

"Anapumua vizuri sasa," Melania alisema. "Daktari amesema ataishi. Bado hajaambiwa habari ya mtoto."

"Mungu asifiwe."

"Asifiwe."

Elick alikuja akasimama mbele yao. Alikuwa kijana mpole, na upole ulikuwa bado umo ndani ya sauti, ndiyo maana ilitisha. "Shikamoo, mama Eustakia. Wewe ni mtu mzima, hutatudanganya. Kezia alimwekea nini mke wangu?"

"Hakumwekea kitu, baba. Ni mafua."

Mmoja wa kaka zake alicheka puani. "Mafua!"

"Yanaua, Elick. Mjamzito yakimshuka kifuani..." Akawaeleza yote ya semina, moja baada ya jingine, polepole, na kadiri alivyoeleza alijisikia anasoma bango. Hakuna aliyemkatiza. Walimtazama kama unavyomtazama mtu anayemtetea mtoto wake mwizi.

Aliyemjibu alikuwa Melania, kwa Kiswahili chake cha ukubwani ambamo l zote zimekuwa r. "Mimi nirikuja kwako," alisema. "Kiangazi kire cha mwaka jana. Kifua kimenibana, sirari. Mkanichoma kidore. Ukaniambia, mama nenda nyumbani, ni mafua tu, mafua hayana neno. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Sasa reo yameua mjukuu wangu? Yameanza rini kuua?"

Eustakia aliinamisha macho. Alimkumbuka. Alikumbuka hata kwamba alimsindikiza mlangoni huku anacheka naye. Ni wangapi aliowasindikiza hivyo? Aliona haya, haya ya kutamani ardhi ipasuke, na aliona pia kwamba hakuna neno la semina litakalomwokoa Kezia hapa. Watu hawa aliwafundisha yeye kwamba mafua si kitu. Walimwamini.

"Twendeni," Elick aliwaambia kaka zake. Hakusema wapi. Pikipiki ya kwanza ikawashwa.

"Irine alitaka kukataa," Eustakia alisema.

Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, na kwa sababu ya mngurumo ikabidi aseme tena. "Elick! Irine alitaka kukataa kile kikombe."

Pikipiki ikazimwa.

"Aliona Kezia anaumwa. Akakishika, hakunywa, akanitazama mimi. Alikuwa ananiomba nimkataze. Na mimi nilijua. Nilikuwa nimemgusa Kezia, nilijua ana homa, nilijua Irine ana mimba, nilijua yote niliyowaeleza hapa. Kezia hakujua, yeye alidhani amepima na yuko salama. Mimi ndiye niliyemwambia mkeo anywe."

Mama wa kando aliyekuwa anapepeta mchele aliacha. Elick alimtazama, na Eustakia aliiona hasira ikihama, ikimtoka Kezia polepole na kuja kukaa kwake. Hakuikwepa. Aliona ni afadhali, na aliogopa.

"Kwa nini?" Elick aliuliza. "Kwa nini, mama? Si ungesema tu usinywe?"

"Niliogopa Kezia ataona anashukiwa. Ule ugomvi wao ungerudi. Wauguzi wangegawanyika tena, kituo kingeharibika." Alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa madogo uani pale. "Nilitaka wapatane."

Elick alikaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa mikono yake yenye weusi wa matairi. Kaka zake walimsogelea, hawakujua la kufanya.

Melania ndiye aliyesema, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mzazi anayemwonyesha mwanawe kitu kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote.

"Ungewaacha wagombane," alisema. Akaokota kanga yake chini, akaikung'uta, akaingia wodini kumwambia binti yake.